Mwali wa Bi Mwanaheri

“Mwali gani huyo anayemwaga punje za mahindi?” Kasiani aliuliza. Panga lake alikuwa ameliegemeza begani kama askari wa pale kambini.

“Mwali wangu,” Bi Mwanaheri akamjibu. “Na wewe toa hilo guu lako kizingitini, nisije nikakusukuma ukabingirika mpaka stesheni.”

“Kuku wangu ametoka chini ya mlango wa chumba chako na punje mdomoni. Nimemwona kwa macho yangu.”

“Kuku wako hana adabu. Anaingia chumba cha mwali bila hodi?”

“Bi Mwanaheri, mie si mtoto. Tangu nihamie Gongo la Mboto sijakuona na binti.”

“Binti wa kaka yangu wa Kimbiji.”

“Kaka yako wa Kimbiji nilikutana naye juzi feri. Nikamuuliza hali ya binti yake. Akaniambia ana watoto wa kiume sita na mbuzi jike mmoja.”

“Basi ndiye huyo mbuzi,” akasema Bi Mwanaheri, wala hakupepesa jicho.

Uani tulikuwa wanawake saba, tukaangua kicheko. Mie nilikuwa kwenye kinu, natwanga. Ndani ya kinu hamkuwa na kitu, nilikuwa natwanga upepo ili majirani wasikie twi, twi, wajue kwetu kuna kupika. Siku zile kila nyumba ilitwanga upepo. Ukipita mtaani mchana ungedhani Gongo la Mboto nzima inajiandaa kwa harusi.

Kasiani hakucheka. Alishusha panga, akasema kwa sauti ya chini, “Genoveva wangu leo hana hata nguvu ya kulia. Lori la unga wiki ya pili halijaja. Najua kilichomo humo chumbani. Nipe mbegu, Bi Mwanaheri. Nimpikie mwanangu uji, zinazobaki tugawane nyumba zote kumi. Tule leo.”

Hapo kicheko kikatukauka. Maana alikuwa anasema kweli, na humo chumbani hamkuwa na mwali. Mlikuwa na gunia.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, gunia halitakimbia.

Njaa ile ya mwaka wa sabini na nne kuingia sabini na tano nyie hamkuiona, kwa hiyo msinibishie. Vuli haikunyesha kabisa. Panya wa Gongo la Mboto walihama. Niliwaona mwenyewe wakifuata reli kuelekea Pugu na Kisarawe, mbele mzee wao ana ndevu nyeupe, nyuma wanawake na vifurushi vyao kichwani. Mie nilikonda hata kivuli changu kikakataa kutoka na mimi, kikasema kinaona haya. 

Serikali ikaomba msaada, msaada ukaja na meli. Yakaja mahindi ya njano, njano kama bizari. Sie tuliozoea sembe nyeupe na muhogo wetu tulitazama ule ugali, nao ukatutazama. Watu wakauita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi. Palikuwa na shabiki mmoja wa Simba nyuma ya soko, alikula mwezi mzima amefumba macho, mkewe akimwelekeza tonge lilipo. Lakini alikula.

Halafu ukaja msaada wa pili, na huo haukuwa wa kula. Bibi mmoja wa Kizungu, mtaalamu wa kilimo kutoka nchi ya baridi ambayo jina lake lilinishinda kulitamka, alifika na Landrova akashusha gunia moja la mbegu kwa kila nyumba kumi. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina hata kunyanzi. Akasema, “Ndugu zangu, chakula cha meli kitakwisha. Mbegu hii msiile. Mvua ikinyesha mpande, mkivuna mtenge nyingine ya mwaka unaofuata, ili msitungoje sisi tena. Nitarudi kuikagua. Watakaoitunza nitawachimbia kisima cha pampu.”

Wakati ule kila mtu mjini alikuwa ameambiwa alime, kilimo cha kufa na kupona. Nyumba zetu kumi tulipewa ekari tano za vichaka kule Majohe. Shamba tunalo, mbegu tunayo. Tulichokosa ni mvua, na subira.

Gunia likawekwa nyumbani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, naye ndiye huyo Kasiani, fundi seremala, mtu wa Masasi. Msimwone mbaya. Alikuwa mtu mwema mwenye watoto watano. Ila gunia likaanza kukonda. Wiki ya kwanza lilikuwa limesimama wima kama askari, wiki ya pili limeinamisha kichwa, wiki ya tatu limekaa kitako. Tukimuuliza, anasema panya.

“Panya wamehama,” nikamwambia. “Mie nimewaaga mwenyewe.”

“Wamebaki wawili.”

“Na hao wawili wakishakula wanafunga tena kamba fundo la kiseremala?”

Mkewe, Eufrazia, alikuja kwa Bi Mwanaheri akalia. Kasiani alikuwa akichota kibaba kimoja kila jioni, anapika uji wa watoto, yeye mwenyewe haonji. Eufrazia akasema, “Da Mwanaheri, nikimkataza watoto wangu wanalala na njaa. Nisipomkataza, mwakani wa nyumba zote kumi watalala na njaa. Mie nifanyeje?”

Alikuwa amepiga hodi kwa mwenyewe. Bi Mwanaheri binti Mwinjuma alizaliwa Kimbiji, akaletwa Gongo la Mboto kwa ndoa. Mumewe, Sadallah, alitoka mwaka wa uhuru kwenda kununua mafuta ya taa, na mpaka leo taa haijawaka. Bi Mwanaheri hakumfuata. Alikaanga muhogo, akawauzia abiria wa treni. Alikuwa na sauti, jamani! Akinadi “muhogooo” pale stesheni, dereva wa treni ya Kigoma anakanyaga breki akidhani ni honi ya treni nyingine. Kwa muhogo huo alijenga nyumba ya udongo ya vyumba viwili, akapanda minazi minne, na akawa kungwi. Wasichana wa Kizaramo arobaini na mmoja aliwaweka ndani, akawafunda, akawatoa, na hakuna hata mmoja aliyeonwa na mwanamume kabla ya siku yake. Kusoma hakujua. Walipokuja kutuandikisha kisomo cha watu wazima aliuliza, “Hiyo herufi a mkishaijua mnaipikia nini?” Lakini kutunza kitu kisiguswe mpaka wakati wake, nani angemfundisha yeye?

Akamwambia Eufrazia, “Jumapili mumeo akienda misa, acha mlango wazi.”

Jumapili tulikwenda wanne. Tulilifunga gunia kaniki, tukalifunika gubigubi, tukalitoa kati yetu tukiliburuta taratibu kama binti anayeona haya. Njiani tulikutana na shehe, akageuza uso kwa heshima. Nilitamani nicheke nikajiuma ulimi, kovu ninalo mpaka sasa.

Tukaliingiza chumba cha ndani. Bi Mwanaheri hakufanya mzaha. Alilivalisha shanga, akalipaka mafuta kidogo ya nazi pembeni, akaliwekea mwanahiti, kile kijisanamu cha mti anachopewa mwali wa Kizaramo akae nacho. Na mnajua alimchongesha nani kijisanamu chenyewe? Kasiani! Alichonga kwa siku tatu, akakileta amekisugua mpaka kinang’aa, akasema, “Mpe mwali wako, mwambie ni zawadi ya balozi.”

Mtauliza kwa nini Kasiani hakulitafuta gunia lake. Alilitafuta sana, moyoni. Angekwenda kushtaki kwenye tawi la chama angeulizwa lilikuwa na uzito gani lilipopotea. Akanyamaza. Na chumba cha mwali hakukisogelea, maana hata kwao kusini wana unyago, na kila mwanamume anajua kwamba akichungulia, jambo litakalompata halitajwi mbele ya watoto.

Kwa hiyo mwali akatulia ndani. Jioni tunamwimbia, Bi Mwanaheri anamfunda. Nilimsikia kwa masikio yangu akiliambia gunia, “Mwanangu, usifungue mdomo ovyo. Ukifunguliwa mapema, utaliwa siku mbili na jina lako litasahaulika.” Mie ndiye niliyepewa kazi ya kuwa sauti ya mwali. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeachika mara moja bila sababu ya maana, nina kicheko cha kutosha. Mtu akipita dirishani nakohoa kidogo. Akipita kijana, nacheka.

Akapita Romani, mdogo wake Kasiani.

Romani alikuja mjini kutafuta kazi ya kiwandani, akakuta kiwanda nacho kinatafuta kazi. Alikuwa mrefu hivi kwamba akipiga magoti bado unamtazama juu. Alipita mara ya kwanza, nikacheka. Alipita mara ya pili, hana anakokwenda, nikacheka. Siku hiyo alipita mara kumi na tisa. Wiki haikuisha, akamtuma kaka yake alete posa.

Basi Kasiani, akiwa amevaa kanzu ya kuazima ingawa ni Mkristo, akaja kuposa gunia aliloibiwa.

“Mdogo wangu ametuma salamu,” akaanza. “Ameona ua katika nyumba hii.”

“Ameliona?” Bi Mwanaheri akashtuka.

“Amelisikia.”

“Ehe. Sasa shemeji, huyu mwali ni mnene. Mmejiandaa?”

“Romani anapenda hivyohivyo.”

“Na wa Kiislamu.”

“Hilo litazungumzwa.”

“Litazungumzwa baadaye. Kwetu sie fedha hatutaki. Anayemtaka binti huyu anatuonyesha jembe lake kwanza. Kuna ekari tano Majohe, vichaka mpaka kwapani. Azifyeke, ang’oe visiki, alime, apange mistari. Siku mvua ikinyesha juu ya shamba lililolimwa, aje amchukue mwali.”

Nilikuwa nyuma ya mlango na gunia, tumekumbatiana. Nilicheka, nikashindwa kujizuia. Kasiani akasikia, akatikisa kichwa kwa furaha. “Binti amekubali,” akasema.

Romani alikusanya vijana wenzake wanne wa kusini. Walikwenda Majohe alfajiri na kurudi jioni, kwa ugali wa njano wa tonge mbili. Siku arobaini. Nawaambia, alilima kwa nguvu hata mchwa walihamisha vichuguu vyao kumpisha. Kisiki kimoja cha mkwaju alikivuta peke yake, na kilipong’oka, watu wa Chanika wakahisi tetemeko.

Katikati ya siku hizo arobaini, Landrova ikarudi. Bibi Mtaalamu alikuja na dereva na bwana mmoja wa ofisini mwenye kalamu mbili mfukoni. Kasiani alidhani sasa ndiyo ameumbuka. Yule bwana akauliza mbegu iko wapi. Bi Mwanaheri akajitokeza, akasema, “Iko. Lakini wanaume hawaingii.”

“Mimi ni afisa,” bwana akasema.

“Afisa wa kiume.”

Bibi Mtaalamu akavua viatu, akainama, akaingia nasi wanawake. Kulikuwa na kiza, na harufu ya nazi. Alipozoea akaona gunia limekaa juu ya mkeka, limevaa kaniki, limezungushiwa shanga, kijisanamu kifuani. Nikasema moyoni, leo tunanyimwa kisima, na tunafungwa.

“Kwa nini?” akauliza.

“Ulisema isiliwe,” Bi Mwanaheri akamwambia. “Kule kwa balozi ilikuwa mbegu tu, mtu mwenye njaa anaweza kula mbegu tu. Huyu sasa ni mtoto wa watu. Nani atamla?”

Bibi Mtaalamu akafungua mdomo wa gunia, akatia mkono, akatazama punje, hazikuwa na mdudu hata mmoja. Akafunga fundo vilevile alivyolikuta. Kisha akavua kitambaa chake cha shingoni, cha bluu, akamfunga mwali. Nasi tukapiga vigelegele, ndio utaratibu, mgeni akimtuza mwali hupigiwa vigelegele. Akaamua kupiga na yeye. Alitoa mlio kama birika linalochemka, lakini nia ilikuwepo.

Alipotoka nje alimkuta Kasiani hana rangi. Bibi Mtaalamu akamwambia, “Nimeona. Hali yake ni nzuri sana. Mngojee mvua.” Akaandika kitabuni mwake ukurasa mzima. Kasiani akabaki anashangaa Wazungu nao siku hizi wanakagua wanawali. Nimesikia, na aliyenieleza haongopi sana, kwamba huko kwao kuna ghala kubwa la mbegu sasa, na ukifungua mlango unakuta magunia yote yamevaa shanga.

Ila mvua haikuja. Machi ikaisha. Lori likachelewa wiki, likachelewa wiki ya pili. Na ndipo yule kuku wa Kasiani, ambaye sijui hata alibakije hai, alipopenya chini ya mlango na kutoka na zile punje.

Sasa tumerudi uani. Kasiani amesimama kizingitini na panga, na mie nimeacha kutwanga.

“Tule leo,” akasema tena. “Kesho Mungu anajua.”

“Gunia hili nyumba kumi ni siku mbili,” Bi Mwanaheri akasema. Sauti yake iliyokuwa ikisimamisha treni ilikuwa imeshuka. “Siku ya tatu utapika nini? Kaniki?”

“Siku mbili ni siku mbili! Wewe huna mtoto, Bi Mwanaheri. Utajuaje?”

Bi Mwanaheri alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi kama mtu aliyekatwa miguu. Eufrazia ndiye aliyesema.

“Baba Genoveva, unajua uji wa asubuhi wa mwanao unatoka wapi?”

“Kwenye mgawo wetu.”

“Mgawo wetu uliisha siku kumi nyuma. Ni unga wa huyu. Ananipa wote, kila siku. Yeye anakunywa maji na ganda la nazi analiramba. Leo na wake umeisha, ndiyo maana mtoto hajanywa.”

Kasiani akamtazama Bi Mwanaheri. Ndipo nami nikamtazama vizuri, nikaona kanga yake imemzunguka mara tatu. Tulikuwa tunakaa naye kutwa, tunacheka, hatukuona.

“Kwa nini hukuniambia?” Kasiani akauliza.

“Ningekuambia ungeacha kunigombeza, na mie kugombana nawe ndiko kunakonishibisha.”

Kasiani alifuta uso kwa mkono wenye panga, nusura ajikate sikio. “Bi Mwanaheri, nakuheshimu,” akasema. “Lakini mtoto wangu hafiki kesho kwa heshima. Nipe kibaba kimoja tu. Kimoja.”

“Kimoja cha Genoveva,” Bi Mwanaheri akasema polepole, “halafu mama Ansbert naye ana kichanga. Halafu yule bibi wa nyumba ya saba. Nikifungua, sifungui kwa mmoja.” Akanyanyuka kwa kushikilia nguzo, akasogea pembeni, akaacha mlango wazi. “Lakini pita. Pita, Ndugu Balozi. Mwali wa arobaini na mbili. Wewe utakuwa mwanamume wa kwanza kuingia, na mie sitakuzuia, sina nguvu hiyo. Ila ukimtoa, umtoe mwenyewe, kwa mikono yako uliyochongea mwanahiti wake.”

Kasiani akavua viatu. Sijui kwa nini alivua, lakini alivua. Akaweka guu moja ndani. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe, kavu kama sahani iliyorambwa, hata jani la mnazi halikutikisika. Akaweka guu la pili. Tukamsikia anahema humo kizani. Tukasikia shanga zimegusana.

“Kasiani,” Eufrazia akaita.

“Nafungua,” akajibu. “Nafungua, mama Genoveva, nisamehe. Hili fundo… ”

“Hodi,” mtu akasema nyuma yetu.

Tukageuka. Romani alikuwa ameinama kupita kwenye ua wa makuti, jembe mkononi. Shati lilikuwa limemganda mwilini. Maji yalikuwa yakimtiririka kichwani, yanapita puani, yanadondoka kwenye vumbi letu, na kila tone likitua vumbi linaruka. Nyuma yake, upande wa Majohe, sasa ndipo tulipoona mbingu ilivyokuwa nyeusi.

“Shikamooni,” akasema, anahema kwa kukimbia. “Shamba lote limelowa. Nimekuja kumchukua mwali.”

Chumbani shanga ziligusana tena, Kasiani ameliachia fundo. Na mie niliyekuwa nimesimama na mchi mkononi, nje, mchana kweupe, hatua mbili kutoka kwa Romani, nikacheka.

Romani akageuza shingo.